Mashine inasoma sifuri lakini usukani bado unatetemeka: tujadili balansi ya magurudumu

#1. Msafiri wa Chalinze (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Ninaandika uzi huu baada ya kulipia balansi ya magurudumu (kusawazisha uzito wa gurudumu kwa kubandika vipande vidogo vya uzito kwenye rimu) mara nne ndani ya miezi miwili kwa gari moja, Toyota Premio ya mwaka 2005, na kugundua mwishoni kwamba mara zote nne mashine ilikuwa ikisema kweli, na gari nalo lilikuwa likisema kweli, ila kila kimoja kilikuwa kinazungumzia jambo lake.

Dalili ilikuwa hivi. Nikitoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, gari lilikuwa tulivu kabisa katika foleni ya Kimara na Mbezi, na vilevile katika vijiji ambako kibao cha 50 kinatulazimisha kwenda taratibu. Nikishaipita Mlandizi na mwendo ukafika kilomita 85 kwa saa, usukani ulianza kutetemeka mikononi kwa mtetemo mwembamba. Kati ya 100 na 105 mtetemo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba abiria aliyekaa kushoto aliuona kwa macho, na kufikia 120 ulikuwa umepungua tena (nilikuwa wapi nilipofika 120 sitasema, kwa sababu askari wa usalama barabarani nao ni wasomaji). Wengi wakiona mtetemo unapungua mbele ya safari hudhani tatizo limejirekebisha. Ukweli ni kwamba usukani, shokapu na mikono ya chini ya gari vina kasi yao ya kucheza, kama bembea ilivyo na mwendo wake, na pale mzunguko wa gurudumu unapolingana na kasi hiyo ndipo mtetemo unapokuwa mkubwa kuliko wakati wowote. Ukiupita mwendo huo bembea inakosa msukumo wa wakati wake, ingawa kasoro iko palepale na beringi zinaendelea kuumia.

Kwa wasiopenda hesabu, vumilieni aya moja. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha takriban sentimita 63 na mzingo unaokaribia mita 2, kwa hiyo gari likienda kilomita 100 kwa saa kila gurudumu linazunguka karibu mara 14 kwa sekunde. Gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa ukingo wa rimu, ambazo ukizishika mkononi huoni kama ni kitu, kwa mwendo huo zinavuta kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 4 na nusu, na mvuto huo unazunguka pamoja na gurudumu, mara unanyanyua, mara unakandamiza. Nguvu hiyo inakua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwa kilomita 50 inabaki robo tu, yaani kilo moja na kidogo. Ndiyo maana mtu anayeendesha kati ya Posta na Mwenge peke yake anaweza kukaa mwaka mzima na magurudumu yasiyo na balansi asijue.

Kabla hujampa fundi fedha, jiulize mtetemo unatokea lini na unausikia wapi. Mtetemo unaofuata mwendo wa gari, ukasikika zaidi mikononi, mara nyingi unatoka magurudumu ya mbele, na ule unaosikika kwenye kiti na sakafu mara nyingi unatoka nyuma. Mtetemo unaofuata mzunguko wa injini si wa magurudumu. Simamisha gari, weka gia huru, kanyaga mafuta mpaka mshale wa mizunguko ufike pale unapokuwa ukiwa barabarani, na gari likitetemeka limesimama, tafuta maunti za injini, yaani vishikizo vya mpira vinavyoibeba, na uache matairi ya watu. Mtetemo unaokuja unapokandamiza mafuta na kuondoka unapoachia unaelekeza kwenye jointi za shafti za mbele. Na kama usukani unayumba taratibu kushoto na kulia kwa mwendo wa 20 au 30, hiyo si kazi ya gramu kabisa, kwa sababu kwa mwendo huo gramu hazina nguvu. Hapo kuna rimu iliyopinda au tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimeachana, na tairi la namna hiyo ni la kuondolewa siku hiyohiyo kwa kuwa linaweza kupasuka.

Sasa nirudi kwenye Premio. Nilifanya jaribio ambalo wengi wetu tunalijua, la kuhamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele. Kanuni ni kwamba mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, kasoro imo ndani ya magurudumu, na ukibaki kwenye usukani, kasoro imo kwenye gari lenyewe. Wangu ulibaki kwenye usukani. Kwa kuamini kanuni hiyo nilibadilisha boljointi mbili na tairodi endi mbili, yaani viungo vya magurudumu ya mbele na usukani, ambazo, nikiwa mkweli, hazikuwa na ubaya wowote. Mtetemo haukupungua hata kidogo.

Kilichonifungua macho ni jirani mwenye Allion, ambayo ni ndugu wa Premio na ina mashimo matano ya nati yenye mpangilio uleule wa duara la milimita 100. Alikubali tubadilishane magurudumu yote manne Jumamosi moja asubuhi. Nikaenda Kibaha na kurudi, na gari likawa limetulia kama maji mtungini. Nilipolaza rimu zangu na zake chini sambamba, tofauti ilionekana bila miwani. Tundu la katikati la rimu zake lilikuwa milimita 54.1, sawasawa na kitovu cha habu ya gari, yaani kile chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Rimu zangu, ambazo mwenye gari wa kwanza alizinunua kwa ajili ya urembo, zilikuwa na tundu la milimita 73.1, kipimo ambacho watengenezaji wa rimu za urembo hukitumia ili rimu moja iingie kwenye magari mengi. Maana yake ni kwamba kuzunguka habu palikuwa na nafasi tupu ya milimita 9 na nusu kila upande, na gurudumu lilikuwa limekalishwa katikati kwa kutegemea nati peke yake.

Mtu atauliza ubaya uko wapi ikiwa nati zimekazwa. Gurudumu langu lina uzito wa karibu kilo 17. Likikaa nje ya katikati kwa nusu milimita tu, hesabu inaonyesha ni sawa na kubandika gramu 45 kwenye ukingo wa rimu. Kwenye mashine ya balansi gurudumu halikai kwa nati, linakaa kwa koni inayoingia katika tundu la katikati, na kwa hiyo kule lilikuwa katikati kikamilifu na mashine ikasoma sifuri kwa haki. Kosa lilikuwa linazaliwa upya kila gurudumu liliporudishwa kwenye gari. Na kwa kuwa rimu zote nne zilikuwa za namna moja, jaribio langu la kuhamisha mbele na nyuma lisingeweza kunionyesha chochote.

Fundi wa kerezo alinichongea pete nne za alumini, nje milimita 73 na ndani 54.1, zinazojaza nafasi ile. Tangu zivalishwe, mtetemo wa usukani umekwisha. Kumebaki mtetemo mdogo kwenye kiti cha nyuma kwa mwendo wa 95, ambao nitaueleza nikipata jibu. Karibuni kwa michango, na wenye ujuzi kuliko mimi wanisahihishe.

#2. Mama wa Vitz

Asante sana kaka kwa maelezo. Mimi gari langu likienda 100 halina shida yoyote, lakini ninapokanyaga breki kuanzia 80 kushuka, usukani unatikisika na hata pedali inanirudisha mguu. Fundi amesema ni balansi na ameniandikia pia alaimenti. Je, nilipie?

#3. Msafiri wa Chalinze

Dada, usilipie kwanza. Gurudumu lisilo na balansi halisubiri ukanyage breki, linatetemesha gari muda wote ukiwa katika mwendo wake. Mtetemo unaokuja na breki pekee, na hasa unaopiga mguu kupitia pedali, unatokana na diski za mbele ambazo unene wake haulingani mzunguko mzima. Diski hufikia hali hiyo kwa kukaa zikiyumba kidogo, na sababu mojawapo ya kuyumba ni kutu iliyobaki kati ya diski na habu wakati wa kubadilisha. Sababu nyingine ni nati kukazwa kwa bastola ya upepo bila mpangilio, moja ikivutwa mpaka mwisho kabla ya nyingine kugusa. Mwambie fundi apime kuyumba kwa diski kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale) zikiwa bado ziko kwenye gari, na apime unene kwa mikromita sehemu sita au nane. Zikiwa bado nene kuliko kipimo kilichochorwa pembeni mwa diski yenyewe, zinaweza kuchongwa, na zikiwa chini ya hapo zibadilishwe pamoja na pedi.

Alaimenti ni jambo jingine kabisa. Inahusu pembe za magurudumu, na dalili zake ni gari kuvuta upande mmoja, usukani kukaa umepinda wakati barabara imenyooka, au tairi kuliwa upande wa ndani. Haitetemeshi gari moja kwa moja, ingawa ukiiacha muda mrefu tairi litaliwa kwa mawimbi, na tairi lenye mawimbi litatetemeka hata likibalansiwa na malaika.

#4. Fundi Tairi Miaka 16

Nimeusoma uzi kwa makini na ninakubaliana na mengi, ila nataka nitetee upande wetu kidogo. Mteja anakuja na gari lililotoka shamba, ndani ya rimu kuna tope lililokauka la ukubwa wa chapati, anataka kuondoka baada ya dakika 15, na ukimwambia aoshe kwanza anaenda kwa jirani. Tope hilo ni gramu 100 au zaidi. Nikilibalansi pamoja na tope, mashine itaonyesha sifuri, na tope likidondoka barabarani mteja atarudi akisema mashine yangu ni mbovu.

Kazi inavyotakiwa kufanywa ni kama ifuatavyo, na mteja ana haki ya kusimama pembeni akatazama. Vipande vya uzito vya zamani vinaondolewa vyote, si kuongezea juu yake. Rimu inaoshwa ndani na nje, na tundu la katikati linasuguliwa kwa brashi ya waya, kwa sababu punje moja ya kutu chini ya koni inatosha kuharibu kipimo. Koni huingia kutoka upande wa ndani wa rimu, ule unaogusana na habu, kwani huko ndiko tundu limechongwa kwa usahihi. Upande wa nje mara nyingi umetengenezwa ili kupokea kifuniko tu. Kisha mashine inapewa vipimo vitatu, yaani umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana wake na kipenyo chake. Nimewaona vijana wanaoacha vipimo vya gari lililotangulia, na mashine inatii, inatoa gramu za rimu ya inchi 14 kwa rimu ya inchi 16.

Baada ya kusoma sifuri, mimi huwa nafanya jambo ambalo wengi hawafanyi. Nalegeza gurudumu, naligeuza nusu mzunguko juu ya shafti ya mashine bila kugusa vipande vya uzito, nalikaza tena na kulizungusha. Likisoma sifuri tena, au gramu 5, niko salama. Likisoma gramu 20, basi gurudumu halikukaa vizuri kwenye mashine na sifuri ya kwanza ilikuwa ya bahati. Jueni pia kwamba mashine nyingi zimepangwa kuficha kiasi kidogo na kukiandika sifuri, lakini zina kitufe cha kuonyesha gramu zilizofichwa. Mwombeni fundi akibonyeze.

Kuna gurudumu ambalo kila ukilizungusha linatoa namba mpya na mahali papya. Hilo lina kitu kinachotembea ndani, na mara nyingi ni maji. Kompresa isiyomwagwa maji yake inajaza tairi upepo na maji pamoja, na tairi la kukaa mwezi chini ya mti linaweza kuwa na kikombe kizima. Gurudumu hilo halibalansiki mpaka livuliwe na kukaushwa. Wale wanaotia tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu nao wanajitafutia shida ya namna hiyo, kwa kuwa tyubu hukunjika na mkunjo huo una uzito.

Kuhusu pete, mwanzisha uzi yuko sahihi. Ninaongeza tu kwamba nati nazo zina kiti chake, yaani umbo la sehemu inayogusa rimu. Toyota nyingi zinatumia nati zenye koni, na Honda zinatumia nati zenye kiti cha mviringo kama mpira. Ukifunga rimu ya Honda kwa nati za koni, zinagusa kwenye mstari mwembamba tu, gurudumu halitulii katikati, na nati zinalegea zenyewe.

#5. Nyanda za Juu

Mimi niko Mbeya na nina Prado. Mkuu Fundi amegusa tope na mimi ndiye yule mteja anayemsema. Mwezi wa tatu nilitoka Isongole wakati wa mvua, nikaingia lami, na kwa 70 gari zima likawa linatetemeka kama mashine ya kukoboa. Nilisimama nikagonga rimu kwa mkono wa jeki, likadondoka tope la kujaza karai, na safari ikaendelea bila tatizo. Sikulipa hata shilingi.

Swali langu ni jingine. Tangu wakati huo kuna mtetemo sakafuni kuanzia 60, haujali breki, usukani umetulia kabisa, na balansi imefanywa na fundi aliyefuata hatua zote hizo. Ukiachia mafuta unabadilika sauti lakini hauondoki.

#6. Fundi Tairi Miaka 16

Mkuu, kwa gari lenye propela shafti, yaani lile bomba refu la chini linalopeleka mzunguko wa injini kwenye difu, usukani ukitulia na sakafu ikatetemeka, toka kwenye magurudumu uende chini ya gari. Shafti inazunguka mara kadhaa zaidi ya gurudumu, kwa kuwa difu ndiyo inayopunguza mzunguko, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka zaidi, karibu na mngurumo kuliko mtikisiko. Angalia misalaba ya shafti, yaani viungo vya kwenye ncha zake, kwa kuishika na kuizungusha kinyumenyume gari likiwa limewekewa vigingi, kisha tazama kama kipande cha uzito kilichochomelewa kwenye bomba la shafti kimeng'oka, kwa sababu mahali pake pa zamani hubaki alama. Kama shafti iliwahi kufunguliwa, hakikisha ncha zake mbili zimerudishwa zikitazamana kama zilivyokuwa, maana ikipishwa meno tu inatetemeka. Na isafishwe: tope lililokauka juu ya shafti ni kosa lilelile la rimu, limehamia kwenye chuma kinachozunguka kwa kasi zaidi.

#7. Bandarini Mombasa

Nami nichangie kutoka huku. Magari yanayoshuka kutoka Japani yamekaa yadini, melini na kisha bandarini bila kusogezwa, tairi likiwa limelalia sehemu moja wiki nyingi. Sehemu hiyo hubapa. Ukilichukua gari siku hiyo, linadundadunda kama lina nundu, na wanunuzi wengi hukimbilia balansi kabla halijafika nyumbani. Ningewashauri walijaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, waliendeshe nusu saa hadi saa moja mpaka matairi yapate joto, ndipo waamue. Ubapa wa kukaa tu kwa kawaida hurudi. Ubapa uliotokana na kufunga breki hadi tairi likasuguliwa na lami haurudi, na hakuna gramu zitakazouondoa.

Tazameni pia tarakimu nne za mwisho katika maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. Zikisomeka 2314, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo linaweza kuwa na vishikio vizuri vya kudanganya macho, lakini mpira wake umekauka na umbo lake halizunguki tena kama duara. Tuwe wakweli kwamba balansi inashughulikia uzito tu, na tairi lenye umbo la yai linaweza kubalansiwa hadi sifuri na bado likakurusha.

#8. Msafiri wa Chalinze

Nawashukuru wote, na ndugu wa Mombasa umenijibu bila kujua. Nilirudi kwa fundi na mtetemo wangu wa nyuma wa 95. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limebandikwa gramu 70 upande wa ndani, kiasi ambacho kwa gari dogo kinatakiwa kumfanya fundi asimame na kujiuliza badala ya kuendelea kubandika. Tuliweka kijiti karibu na rimu na kuizungusha taratibu, na rimu ikaonekana kuyumba kidogo tu. Tukakisogeza kwenye tairi, na hapo tairi likawa linapanda na kushuka karibu milimita 2 katika kila mzunguko, juu kabisa ikiwa upande uleule wa valvu.

Fundi alitoa upepo, akalisukuma tairi kutoka kwenye ukingo, akaligeuza nusu mzunguko juu ya rimu na kulijaza tena. Sasa linataka gramu 25 badala ya 70, na kupanda na kushuka kumebaki chini ya milimita moja, kwa kuwa sehemu ya juu ya tairi imekutana na sehemu ya chini ya rimu. Matairi mengine mapya huja na nukta ya njano ubavuni, inayoonyesha sehemu nyepesi, na hiyo hupangwa mbele ya valvu ambayo ni sehemu nzito ya rimu. Langu ni kuukuu na nukta ilishafutika, ikabidi tutafute kwa kijiti.

Kufunga tulifunga kwa mpangilio wa nyota, mkono kwanza gurudumu likiwa hewani, kisha kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi nyutoni mita 103 kama kitabu cha gari kinavyotaka, na nimerudia kuzikaza baada ya kilomita 50 kwa sababu pete ni mpya. Nati mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Jumapili ninakwenda Morogoro na kurudi, na safari hii nitamweka jirani mwenye Allion kiti cha nyuma, kwani yeye ana mgongo mwepesi wa kusikia kuliko mimi. Nitaandika hapa alichosikia.